Laptopu Nyeupe ya Doña Primitiva

Walionisoma wiki iliyopita wanajua nilipoishia. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa mifumo ya kompyuta mara ya pili, na chuo chetu hakina simile: ukianguka mara ya tatu unafungasha virago. Mtihani wa tatu ulikuwa Jumatatu. Maabara ilikuwa imefungwa kwa mgomo, na mwalimu alishatangaza kwamba kila mwanafunzi aje na mashine yake mwenyewe.

Mimi Rosmery sikuwa na mashine. Ndipo mama yangu, Doña Basilia, mjane, muuza uji wa mahindi ya zambarau pale kituoni, akajitwika kreti ya bia na sinia la mikate na ndizi, akaenda kupiga hodi kwa Doña Primitiva.

Leo nasimulia yaliyofuata. Nawaomba kitu kimoja tu: msinionee huruma. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Kwetu El Alto, mji wa juu mlimani, mtu wa hali ya chini hanunui kitu kikubwa peke yake. Anatafuta madrina, mama mdhamini. Yuko madrina wa keki, madrina wa pete, madrina wa viatu vya mahafali. Akishaipokea bia ya mwombaji akainywa, amekubali: kitu hicho atakinunua yeye, atakisimamia mbele za watu, na kikipata aibu, aibu ni yake.

Doña Primitiva aliinywa bia ya mama sote tukimtazama koo. Anauza kuku kwa jumla, ana jumba la ghorofa nne lenye ukumbi wa sherehe, na mdomo wake hauna breki.

"Haya, comadre, nimekubali," akamwambia mama huku akijifuta povu; comadre ndivyo madrina na mama mzazi wanavyoitana. "Mimi ndiye madrina wa laptopu. Lakini nachagua mimi. Anayelipa ndiye anayechagua."

"Bila shaka, comadre. Bila shaka."

Akanigeukia. "Na wewe msomi, umefeli mara mbili au nimesikia vibaya?"

"Mara mbili, madrina."

"Mimi kuku asipotaga mara mbili namchinja."

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, maskini, maana angefanyaje? Bia ilikuwa imeshanyweka.

Alhamisi tukashuka mjini, mtaa wa maduka ya kompyuta. Mfukoni nilikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeiandika na kuiandika upya wiki nzima: RAM kumi na sita, au nane ikishindikana kabisa, prosesa ya maana, diski ya haraka, betri ya kumaliza mtihani. Kioo cha kugusa, sitaki. Mapambo, sitaki.

Fundi wa duka, Don Grover, hakunipa hata nafasi ya kuitoa karatasi.

"Binti anasomea nini?"

"Kompyuta."

"Basi usinunue sura, nunua moyo," akasema, akainama chini ya meza akatoa laptopu nyeusi. "Hii ni mtumba wa ofisini. Kona moja imechubuka, lakini ndani ni nyati. RAM kumi na sita, na nafasi ya kuongeza ipo."

Nikaipindua. Nikaweka sikio kwenye feni. Nikabonyeza vitufe kimoja kimoja, nikaiwasha, nikafungua programu tatu kwa mpigo. Haikukohoa. Kwenye mtihani tunatakiwa kuendesha kompyuta mbili ndani ya kompyuta moja, na hii ingeendesha tatu. Nilitaka kumkumbatia yule fundi mbele za watu.

"Ni hii, madrina."

Doña Primitiva akaiinua kwa vidole viwili kama aliyeokota soksi ya mtu.

"Ina mchubuko."

"Ni nje tu, señora," Grover akasema.

"Na mimi watu wananiona nje, hawanioni ndani. Nisimame ukumbini kwangu, mbele ya wauza kuku wa El Alto nzima, nimkabidhi mtoto wa watu mtumba? Waseme Primitiva kafilisika?" Akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo. "Ile nyeupe inawaka?"

Ilikuwa kubwa, nyeupe pe, na chini ya vitufe taa zilikuwa zinabadilika rangi.

"Inawaka, señora, rangi saba. Lakini nikwambie ukweli, RAM yake ni nne, na hata diski ya simu yangu ni kubwa kuliko yake. Hiyo ni ya kutazamia tamthilia."

Nikajitia ujasiri. "Madrina, hiyo haifiki mtihani. Nikiwasha tu programu ya kwanza, itakufa."

"Itakufa?" Alinipandisha akanishusha kwa macho. "Wewe umefeli mara mbili na bado unapumua. Na yenyewe itapumua. Fungeni!"

Mama akanifinya ubavuni. "Sema asante."

"Asante, madrina."

Njiani kurudi mama alikuwa amelipakata lile boksi mapajani, analipapasa. "Ni kubwa, mwanangu," akaninong'oneza. "Kubwa si ndiyo inakuwa na nguvu?"

Na hapa ndipo ungamo langu linapoanza. Wakati ule nilimchukia mama yangu kuliko nilivyomchukia Primitiva, kwa sababu Primitiva sikuwa na la kumfanya.

Ijumaa nikaijaribu ile nyeupe nyumbani. Nikafungua programu ya mtihani. Taa zikawaka rangi saba, kioo kikaganda, na ikakaa imeganda mpaka mama akamaliza kusaga mahindi ya uji wa kesho yake. Nikalala kifudifudi. Nilipoinuka nilikuwa na mpango.

Kitu kipya kwetu hakitumiki kabla hakijanyweshwa. Hiyo ndiyo ch'alla. Unammwagia Mama Ardhi bia chini kwanza, halafu matone juu ya kitu chenyewe, unarusha karatasi za rangi, basi kimebarikiwa. Magari yamenyweshwa, nyumba zimenyweshwa, cherehani zimenyweshwa. Laptopu inanyweshwa ikiwa imefungwa, matone matatu juu ya kifuniko, haidhuriki.

Sasa je, ikinyweshwa ikiwa wazi?

Itakufa mbele ya wageni wote. Na kitu kikifa siku ya baraka, madrina hana pa kuuweka uso wake, lazima anunue kingine, tena upesi. Hapo mimi ningesema kwa upole, "Madrina, ile nyeusi ni ngumu, haifi ovyo." Jumatatu ningeingia kwenye mtihani na nyati wangu.

Ila mkono wa kumwaga usiwe wangu, maana ningelaumiwa. Usiwe wa Primitiva, maana angekasirika. Uwe wa mama. Nani atamgombeza mwanamke mjane asiyejua hata kuwasha kompyuta?

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa madrina ulikuwa umefurika. Laptopu ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, imevishwa utepe wa karatasi za rangi. Nyuma yake tu, spika mbili ndefu kuliko mtu zilikuwa zinapiga muziki wa kutikisa vioo.

Muziki ukapunguzwa, Doña Primitiva akashika kipaza sauti. "Hii siyo mtumba! Hii nimeichagua mwenyewe, kwa jicho langu!" Watu wakapiga makofi. Akamwaga bia chini kwa Mama Ardhi, akadondosha matone matatu juu ya kifuniko, akarushiwa karatasi kichwani, akaondoka kwenda kuongeza vinywaji.

Zamu ikawa ya mama. Akaja na glasi yake imejaa, amevaa shali yake moja ya maana, ile ya kuendea misa.

"Ngoja, mama," nikasema. Nikakifunua kifuniko. Taa zikawaka.

"Mbona unafungua?"

"Akili ziko ndani. Ukinywesha kifuniko unanywesha bati."

Mama akasita. "Haitaharibika?"

"Zinakunywa, mama. Za siku hizi zinakunywa."

"Una hakika, mwanangu? Mimi mambo haya siyajui."

"Nani anasoma kompyuta hapa, mimi au wewe?"

Ndiyo. Hivyo hivyo ndivyo nilivyomwambia.

Mama akainua glasi kwa mikono miwili, akafumba macho. "Mama Ardhi, mshike mwanangu. Afaulu Jumatatu. Asije akauza uji kama mimi." Akamwaga. Wengine humwaga matone. Mama alimwaga glasi nzima, akaitikisa hata tone la mwisho lisibaki.

Taa za rangi saba zikawaka zote pamoja, zikachezacheza, zikazima. Moshi mwembamba ukatoka pembeni. Harufu ya kuungua ikasambaa.

"Imekufa!" mtu akapiga kelele. "Laptopu imekufa!"

Muziki ukakatwa. Watu wakajazana. Doña Primitiva akapita katikati yao, ameshika kiuno. "Nani kaifungua?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ile sentensi yangu ya nyati. Dada yake, Doña Eduarda, akaniwahi.

"Hiyo si ajali, Primitiva. Ardhi imeikataa. Mkono uliomwaga ni wa nani?"

"Wa Basilia," mtu akajibu.

"Mjane!" Eduarda akajishika kifua. "Mkono uliomfukia mume kaburini, ndio mmeuruhusu uguse kitu kipya? Nuksi hiyo! Hata mimi najiona vibaya."

Watu wakarudi nyuma hatua mbili, mama akabaki peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza. Mwanamke mmoja akaichukua ile glasi mkononi mwake kwa karatasi ya kujifutia, akaenda kuitupa kwenye pipa. Glasi nzima, ya kioo, ilitupwa.

"Nitaikausha, comadre," mama akawa anasema, anaifuta kwa ile shali yake ya misa. "Nitaiweka juani. Itapona. Nitaiweka juani kesho asubuhi." Akaipindua, bia ikamwagika kwenye sketi yake.

"Mpe uji wa moto itaamka!" mmoja akatania.

"Mpeleke kliniki, Doña Basilia, akatundikiwe dripu!"

Kicheko. Mama akacheka nao kidogo, kwa mazoea, huku machozi yanamtoka.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nangoja. Nilikuwa nangoja ile aibu imfikie Primitiva, imsukume mpaka dukani. Haikumfikia. Iliishia yote kwa mama. Ningeweza kusema neno moja tu. Sikulisema, na wala si kwamba nilishindwa.

"Nyinyi wawili," Doña Primitiva akasema. "Juu. Sasa hivi."

Tukapanda hadi chumbani kwake. Akafunga mlango. Juu ya kitanda palikuwa na mfuko mweusi. Akaufungua zipu, akatoa laptopu nyeusi yenye kona iliyochubuka.

Macho yakanitoka pima.

"Jana nilirudi kwa Grover," akasema. "Nikamwuliza mwenyewe, ile takataka ina nini? Akanieleza mpaka nikaelewa. Mimi nimeuza kuku miaka thelathini, binti. Namjua mnunuzi anayejua kuku na namjua anayepapasa manyoya tu. Wewe uliipindua ukasikiliza feni yake. Nikasema, huyu anajua anachotaka. Basi nyeupe ikawa ya kupigia picha, nyeusi ya kazi. Nilikuwa nikupe leo leo, wageni wakishaondoka."

Nikakaa sakafuni. Kama ningevumilia saa tatu tu, ningekuwa nayo mkononi bila kumgusa mtu.

"Sasa nina swali moja. Kama aliyeifunua ni mama yako, basi nuksi ni yake. Utachukua hii, utahamia hapa kwangu, nitakusomesha kama binti yangu, na yeye asikanyage tena nyumba yangu. Kama ni wewe, hii inarudi kwa Grover leo hii, na mtihani kaufanye kwa vidole. Haya. Nani?"

"Ni mimi, comadre," mama akadakia. "Mimi ndiye niliyefunua. Ujinga wangu."

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza msomi."

Nikamtazama mama. Alikuwa ameishika shali yake iliyolowa, ananitikisia kichwa taratibu, kama ananifundisha jibu darasani. Sema. Sema tu, mwanangu.

Nikaitazama ile nyeusi.

"Ni mama," nikasema.

Kisha Doña Primitiva akacheka, kicheko kikavu cha puani.

"Nilikuwa nyuma ya spika natafuta kreti. 'Nani anasoma kompyuta hapa, mimi au wewe?' Si ndivyo ulivyomwambia aliyekuzaa?"

Na mimi nilivyo mkosa haya, bado nikapata ulimi. "Kama ulisikia, mbona hukutuzuia?"

"Kwa sababu na mimi nilikuamini, mbwa wewe!" Sauti ikampasuka. "Nilisema huyu ndiye msomi, labda kweli zinakunywa. Gari langu limekunywa. Jokofu langu limekunywa. Mashine yangu ya kunyonyolea kuku imekunywa chupa mbili na mpaka leo inanyonyoa. Mimi najuaje? Mama yako angejuaje? Tulikuwa tunakutegemea wewe!"

Sikuwa na pa kuuficha uso.

Mama ndiye aliyezungumza. Hakunitazama. "Mpe tu, comadre," akasema. "Ana mtihani Jumatatu."

"Huyu? Simpi hata unyoya." Doña Primitiva akaichukua ile laptopu, akaiweka mikononi mwa mama. "Nakupa wewe, Basilia. Na habari ya nuksi nitaifuta mwenyewe hapo chini, kwa kipaza sauti, na Eduarda atanyamaza. Hii ni yako. Mpe umtakaye. Ukitaka iuze, ukitaka ifanye kigoda cha kukalia ukiuza uji."

Mama akatandika kitandani kitambaa chake cha mistari, kile cha kubebea mizigo, akailaza laptopu katikati, akakunja huku na huku, akajifunga mgongoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinibeba mimi, miaka mingi, ndoo ya uji mkono mmoja na vikombe mkono wa pili.

"Asante, comadre," akasema. Akaiweka sawa kofia yake, akatoka.

"Mama," nikasema.

Akashuka ngazi. Akapita ukumbini katikati ya watu walewale, wakampisha, na safari hii hakuna aliyecheka. Mimi nikaidaka ile nyeupe pale mezani, sijui hata niliichukulia nini, nikamkimbilia.

Nyumbani kwetu kutoka pale ni mwendo wa robo saa kwa miguu, moja kwa moja. Mama hakwenda moja kwa moja. Alikata kulia, kwenye kituo cha magari ya kamba, yale yanayoning'inia hewani na kushuka mjini. Mjini hatuna ndugu. Hatuna mteja. Tunayemjua huko ni Don Grover peke yake. Mama huwa hashuki mjini ila awe na mimi, maana anaogopa kupotea.

"Mama, unakwenda wapi? Nyumbani ni huku!" Nilikuwa nahema. Watu kwenye foleni wakageuka. "Nipe niibebe, ni nzito. Mama, mtihani ni kesho kutwa! Nitafukuzwa chuo, mama, unanisikia?"

Kibanda kikaja. Mama akaingia, akaketi dirishani, akaufungua mzigo mgongoni na kuupakata mapajani. Ndipo akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu tulipokuwa chumbani. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Jumatatu nenda na hiyo yako nyeupe," akasema.

Mlango ukajifunga. Kibanda kikanyanyuka, kikavuka ukingo wa mlima, kikaanza kushuka na mama yangu na laptopu yangu ndani yake, nami nimesimama pale kituoni na ile nyeupe mkononi, bia yake bado inanidondokea viatuni.